Magunia matano kati ya tisa nimeshayauza, na mke wangu hajui

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkulima wa korosho katika Wilaya ya Newala. Nimezaliwa Masasi, lakini nilipooa nilihamia huku kwa wakwe zangu, kama walivyofanya wengi huku Kusini, na Mungu ametujalia watoto wanne. Wa kwanza ni binti aliyeanza kidato cha kwanza Januari mwaka huu, na wa mwisho bado ananyonya.

Shamba tunalolitegemea lina mikorosho 60, na miti hiyo si yangu. Mke wangu aliachiwa na marehemu mjomba wake kabla sijamwoa. Mjomba mwingine, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao, bado yu hai na hupita shambani mara kwa mara kutazama kama palizi imefanyika. Mimi ndiye ninayelima, ninayepogolea na ninayepuliza dawa, na kwa miaka 16 hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole.

Miaka miwili iliyopita uliletwa kijijini kwetu mradi wa kuwasaidia wazazi. Tuliunda vikundi vya watu 25, akina mama na akina baba pamoja, na kila Alhamisi alasiri tunakutana chini ya mwembe ulio karibu na ofisi ya kijiji. Saa ya kwanza ni ya malezi. Mwezeshaji anatufundisha namna ya kuzungumza na watoto, kucheza nao na kuwaonya bila fimbo, na pia tunaelezana hali zetu sisi wazazi, yaani uchovu, hasira na mawazo yanayotukosesha raha. Saa ya pili ni ya hisa. Hisa moja ni shilingi 2,000, na mtu haruhusiwi kununua zaidi ya hisa tano kwa wiki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake zinatunzwa na watu watatu. Mke wangu ni mmoja wao. Mchana ufunguo ule anaufunga kwenye pindo la khanga yake, na usiku anauweka chini ya mto.

Mradi huu umetubadilisha, sitaki niudhulumu. Zamani nilikuwa siwezi kumbeba mtoto mchanga mbele ya watu. Siku hizi mke wangu akienda kutafuta maji, kazi ambayo huku kwetu juu inaweza kula nusu siku, mimi ndiye ninayebaki na mtoto. Majirani walinicheka, kisha wawili kati yao wakajiunga.

Kosa langu lilitokea Januari. Binti alichaguliwa kwenda shule yenye bweni. Ada hailipwi, lakini godoro, sanduku, sare, ndoo, madaftari na nauli vyote vilitaka fedha, na fedha za msimu uliopita tulikuwa tumeshalipia madeni na kuezekea nyumba. Pikipiki ninayoendeshea bodaboda wakati hakuna kazi shambani ilikuwa imeharibika. Mtu mmoja anayenunua korosho kwa kangomba, yaani nje ya utaratibu rasmi na mara nyingi kabla hazijavunwa, akanipa shilingi 400,000, kwa makubaliano kwamba msimu ukifika nitampa kilo 400. Mke wangu nilimwambia kwamba fedha zimetumwa na dada yangu aliyeko Dar es Salaam. Alifurahi sana, akaniagiza nimfikishie dada salamu na shukrani. Sikuzifikisha.

Mwaka jana tulivuna magunia tisa, kila moja likiwa na kilo 80 hivi. Kilo 400 ni magunia matano. Mwezi Juni mke wangu, bila kujua lolote, alikopa kwenye kikundi shilingi 450,000, kwa sababu salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, tulipata lakini petroli ya mashine ya kupulizia, vibarua wa palizi na chakula vilihitaji fedha. Mkopo huo unatakiwa urudi na riba yake kabla ya mwisho wa Novemba, kwa kuwa Desemba tunavunja sanduku na kugawana akiba. Yeye ameshapanga kila kitu. Nyuma ya daftari la zamani la binti ameandika orodha: mkopo, matumizi ya shule, bati za jiko, mbuzi wawili. Amepigia hesabu magunia yote tisa.

Tangu Julai sipati usingizi. Yule mnunuzi hupita na pikipiki yake, hasemi neno baya, ananisalimia tu na kuuliza hali ya mikorosho. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka tisa alimwaga petroli ya mashine, kama lita moja hivi, nami nikampiga mpaka mama yake akaja kuniondoa. Alhamisi iliyofuata somo la kikundi lilikuwa hasira. Watoto walikuwa wakicheza pembeni, nikamwita aniletee maji ya kunywa. Alikuja na kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili ameuinua kuziba uso.

Sasa Oktoba watakuja wageni kutoka halmashauri, na mwezeshaji ameniomba nisimame mbele yao kama baba wa mfano, nieleze jinsi mradi ulivyoleta maelewano na uwazi wa fedha nyumbani kwetu. Mke wangu ameshanishonesha shati la kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Nikikataa ataniuliza sababu. Nikikubali nitasema uongo mbele ya watu walioniamini. Nikimweleza ukweli, naogopa atakwenda kwa mjomba wake nami nitaambiwa nirudi kwetu Masasi, na naogopa pia kwamba kikundi kitamnyang'anya ufunguo kwa kosa langu. Nimefikiria kujitoa kikundini. Nimefikiria hata kumpelekea yule mtu magunia yake usiku, kisha niseme kwamba mwaka huu miti haikuzaa vizuri.

Maua yameshageuka, korosho za kwanza zinaonekana. Nisaidie, mama.

Baba wa Wanne, Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale mtoto anapokuja na kikombe mkono mmoja huku mwingine akiuziba uso. Ungeweza kunificha jambo hilo, na wala nisingelijua. Mtu ambaye ameshaamua kuishi na uongo hajisumbui kulieleza. Kwa hiyo ninakujibu nikijua kwamba ninazungumza na mtu anayetafuta njia ya kurudi.

Niruhusu nikurudishie jambo lako kama nilivyolielewa, unisahihishe nikikosea. Unadaiwa kilo 400 za korosho na mnunuzi wa kangomba. Nyumba yako inadaiwa na kikundi shilingi 450,000 pamoja na riba. Madeni yote mawili yanatazama mikorosho ileile, na mikorosho hiyo ni ya mke wako. Yeye analijua deni moja, wewe unayajua mawili. Juu ya hayo yote, umeombwa usimame mbele ya wageni ueleze habari za uwazi.

Nikiyatazama haya naona mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na ningependa tuyafungue kwanza. Lipo deni, na ipo aibu. Deni umelieleza kwa tarakimu, kilo na magunia. Aibu umeieleza kwa salamu ambazo hukuzifikisha kwa dada yako. Jiulize usiku ule unapokosa usingizi, kinachokuamsha ni kipi kati ya hivyo viwili. Deni lina dawa zake, aibu nayo ina yake, na wengi hukosea wakadhani kwamba wakilipa la kwanza la pili litaondoka lenyewe.

Tuanze na deni. Wewe si wa kwanza kuingia katika kangomba, na wala hawaingii wavivu peke yao. Tangu msimu wa 2007/2008, ulipoanza hapa Mtwara utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, ndipo fedha inaingia benki. Utaratibu huo umemwondolea mkulima mizani nyingi za uongo, lakini unamtaka awe na subira, na subira inahitaji chakula ndani. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, ilhali shule, maradhi na misiba havifuati msimu. Katika pengo hilo ndipo anapokaa mnunuzi wa kangomba na bakuli lake la kupimia, ambalo ndilo lililoipa biashara hiyo jina. Mimi nina uchungu na biashara hii, na sitauficha, kwa sababu nimeona kaya zikilima mwaka mzima shamba la mtu mwingine bila kujua.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana umeandika namba nyingi lakini hukuzijumlisha. Novemba 2018, wakulima walipogomea bei ndogo ya minada, serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei ile, kilo zako 400 ni shilingi 1,320,000, nawe ulipokea 400,000. Tuseme basi bei ni ya chini zaidi, shilingi 2,500, kwa ajili ya hesabu tu na bila makato. Magunia tisa ni kilo 720, sawa na shilingi 1,800,000. Kama yule mtu atakubali kurudishiwa fedha, na tukakadiria mkopo wa kikundi na riba yake kuwa 500,000, nyumba yako inabaki na 900,000. Kama atachukua magunia matano, unabaki na kilo 320, yaani 800,000, na ukishalipa kikundi unabaki na 300,000. Tofauti ni shilingi 600,000. Hizo ni bati, ni mbuzi, ni mwaka mzima wa mahitaji ya binti.

Nimeyaandika haya kwa sababu katika barua yako unasema magunia hayo umeshayauza, kana kwamba yameshavuka mizani. Bado yako juu ya miti. Ulichofanya ni kumwahidi mtu kitu ambacho hakikuwa chako peke yako, katika biashara ambayo imekatazwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa mwenye mali aliyokuwa nayo kabla ya kuolewa, ndoa haimhamishii mume. Sikuambii kwamba kwa hiyo usilipe. Ulipokea fedha ya mtu, na naona hata wewe hutaki kuila. Ninachouliza ni kama umewahi kumpendekezea akubali fedha, pengine na nyongeza mtakayoelewana, badala ya korosho. Kuna hatari zake. Anaweza kukataa, anaweza kukutisha, anaweza kwenda moja kwa moja kwa mke wako. Wala usisahau kwamba katazo hilo linamgusa mnunuzi na linaweza kumgusa muuzaji pia. Msimu wa 2018/2019 ulipofanyika uhakiki wa mashamba, tuliona jinsi waliohusishwa na kangomba walivyopata taabu kulipwa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza naye, ni vyema ukaonana na msaidizi wa kisheria katika wilaya yenu. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na imewekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Na siku ya kuzungumza, usiende peke yako.

Sasa nikuulize kuhusu mambo unayoyachukulia kuwa ya hakika.

Unasema mke wako hajui lolote. Inawezekana. Lakini huyu ni mwanamke aliyeaminiwa ufunguo na watu 25, anayepanga matumizi ya msimu mzima nyuma ya daftari, na ambaye kwa miezi miwili amelala kando ya mtu asiyelala. Alikuja kukuondoa juu ya mtoto siku ile, na naamini alijiuliza ni petroli gani hiyo yenye thamani ya kipigo kile. Huenda hajui kilo wala jina la mtu, lakini kwamba kuna kitu, sidhani kama hajui. Kama ndivyo, unayemlinda kwa kunyamaza si yeye.

Unasema kikundi kitamnyang'anya ufunguo. Je, katiba ya kikundi chenu inasemaje? Katika vikundi nilivyokaa navyo, mshika ufunguo huondolewa kwa makosa yake mwenyewe katika kazi ile, na mkopo unaojadiliwa kwa ukali ni ule uliopita tarehe yake bila taarifa. Mkopo wenu bado uko ndani ya muda. Mwanachama anayesimama Septemba akasema ana shaka na marejesho ya Novemba hupokelewa tofauti kabisa na yule anayetafutwa Desemba wenzake wakisubiri kugawana. Itafuteni katiba hiyo muisome. Ninasema muisome kwa wingi, ingawa najua bado hujaamua.

Na unasema utarudishwa Masasi. Hofu hii ndiyo naiona imeshika mizizi kuliko zote, na siichukulii kwa wepesi, kwa sababu mwanamume aliyehamia kwa wakwe anajua kwamba heshima yake imesimama juu ya kazi yake. Lakini katika barua nzima hujaniandikia hata neno moja ambalo mjomba au mke wako amewahi kulisema la kukutisha hivyo. Umeandika kwamba kwa miaka 16 hakuna aliyekunyooshea kidole. Miaka hiyo 16 ya kupogolea na kupuliza haijafutika kwa Januari moja. Inaweza ikatikiswa, ndiyo. Mjomba anaweza kukasirika, anaweza kutaka kuwekwa kwa masharti mapya ya shamba, na ana haki ya kuuliza, kwa kuwa yeye ni mlinzi wa mali ya ukoo.

Nikija kwenye njia ulizonazo, hiyo ya kupeleka magunia usiku naomba uitazame kwa macho makavu kabla hujaiweka pamoja na nyingine. Korosho haziokotwi na mtu mmoja. Mke wako ataziokota, watoto wataziokota, zitaanikwa uani mbele ya macho ya kila apitaye, na mjomba atazihesabu kwa kuzitazama tu. Utalazimika kuyaficha magunia matano kwa watu walioyajaza kwa mikono yao. Halafu itabaki kusema kwamba miti haikuzaa, na kuisema tena msimu ujao ukiulizwa dawa ilikuwa na kasoro gani. Jambo ambalo leo ni deni lililofichwa, siku hiyo litageuka kuwa wizi.

Unayo pikipiki, na pengine sehemu ya fedha ile ndiyo iliyoitengeneza. Kuiuza kunaweza kulipa deni au kulipunguza sana. Hatari yake ni kwamba unaondoa chanzo cha fedha kinachowavusha miezi ya njaa, na mwakani Januari ikifika utajikuta palepale penye mlango wa yule mtu. Zaidi ya hayo, pikipiki haiondoki uani bila kuulizwa imekwenda wapi. Nimewaza pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu anaweza kuwaeleza kama wanawake wa kikundi chenu wana nafasi. Lakini huo ni mkopo wa kazi ya kikundi, haukuwekwa kwa ajili ya kuzimia deni la mtu, nami nisingependa mke wako aombe mkopo wa pili kwa kutojua sababu ya upungufu.

Wapo watakaokushauri umtangulize mzee, pengine mjomba mwenyewe au mtu wa msikitini au kanisani anayewajua nyote wawili. Desturi yetu inaijua njia hiyo na mara nyingi imetuliza moto. Mashaka yangu ni haya: mke wako atakuwa mtu wa mwisho kusikia habari za miti yake mwenyewe. Wako wanawake wanaoweza kusamehe fedha wakashindwa kusamehe hilo. Wewe unamjua wako, mimi simjui.

Ipo njia ya kumweleza mwenyewe, nyumbani, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitakudanganya kwamba ni nyepesi, wala sikuahidi kwamba atapokea vizuri. Anaweza kunyamaza siku nyingi. Anaweza kwenda kwa mjomba kama unavyoogopa, na akifanya hivyo hatakuwa amekusaliti, atakuwa amekwenda pale anapotegemea. Ninachokiona cha manufaa katika njia hii ni kwamba yule mtu wa pikipiki atapoteza silaha yake. Salamu zake zile za upole zinakuuma kwa sababu tu kuna mtu ndani asiyezielewa.

Utaratibu huu wa sanduku na funguo tatu tuliurithi kwa akina mama wa Niger, ambako ulianza mwaka 1991, na kufuli zile hazikuwekwa kwa kuwa watu walidhaniana wezi. Ziliwekwa ili asiwepo mtu mmoja anayelazimika kubeba peke yake kishawishi cha sanduku zima. Wewe Januari ulibeba peke yako. Ulikuwa na binti anayetakiwa kuripoti shule, pikipiki mbovu, na mke ambaye pengine hukutaka aone kwamba umeshindwa. Je, kulikuwa na mahali kikundini ambapo ungeweza kusema hivyo? Mfuko wenu wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, unasaidia mambo gani? Siulizi ili kuhamisha kosa, nauliza kwa sababu jibu lako linaweza kumsaidia baba mwingine ambaye Januari ijayo atakuwa na mtoto wa kidato cha kwanza.

Kuhusu kusimama mbele ya wageni, nina maoni yangu, na wawezeshaji wanaosoma safu hii wanisamehe. Desturi hii ya kumchagua mtu kuwa mfano, ingawa inafanywa kwa nia njema, imewafunga midomo wengi. Tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilipozinduliwa Desemba 2021, tumezidi kuelewa kwamba malezi ya mtoto hayatenganishwi na hali ya mzazi, na hali ya mzazi haitenganishwi na kipato chake. Hofu ya fedha humfuata mzazi mpaka penye mtoto. Ndiyo maana miradi kama wenu inaweka malezi na hisa chini ya mwembe mmoja, na wewe umelishuhudia hilo kwa uchungu, pale lita moja ya petroli ilipobeba uzito wa magunia matano. Lakini ukimvika mtu cheo cha mfano, unamwondolea ruhusa ya kuja Alhamisi akasema wiki hii nimeshindwa.

Unaweza kumwomba mwezeshaji faraghani akupumzishe safari hii, bila kumpa undani wote. Utakuwa na maswali ya kujibu nyumbani, na shati la kitenge litakuwapo likining'inia. Unaweza kukubali, ukazungumza yale ambayo ni kweli tu, kwamba umejifunza kumbeba mtoto na kwamba wenzako wawili wamekufuata, ukaacha habari za fedha. Hapo uangalie, kwa sababu wageni huuliza maswali, na mke wako atakuwa amekaa mbele yako. Kujitoa kikundini kabisa kungekupa nafuu ya wiki mbili au tatu, lakini kungekutenga na watu pekee ambao umeshazoea kuwaeleza hali yako.

Yapo mawili yasiyosubiri uamuzi wowote. La kwanza ni usingizi wako. Mtu akikosa usingizi kwa wiki nyingi, hamu ya mambo aliyoyapenda ikapungua, hasira zikawa karibu, akajiona hafai, inaweza kuwa ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Zungumza na mhudumu wa afya wa jamii anayekuja kikundini, au nenda zahanati ukaeleze waziwazi, na ikiwa yatakujia mawazo ya kujidhuru usingoje hata siku moja. Hulazimiki kutaja korosho ili utibiwe.

La pili ni mtoto wako. Kumwomba radhi hakuhitaji mnada kufunguliwa. Mtoto wa miaka tisa anaelewa baba akimwambia kwamba alikosea, kwamba petroli ni kitu cha kumwagika, na kwamba mkono ule hautarudia. Atautazama mkono wako kwa siku nyingi kabla hajashusha wake, nawe utamvumilia.

Kama utachagua kuzungumza na mama yao, tafuta saa ambayo watoto wamelala na mjomba hayupo, na ufikirie kuanza na lile daftari lenye orodha, kwa sababu humo ndimo alimoweka matumaini yake. Mwoneshe hesabu zote mbili, ya fedha na ya magunia, umwache naye azitazame kwa muda wake. Kama utachagua vingine, hesabu hizo bado zitakufaa.

Na kabla ya lolote kati ya hayo, mkumbuke dada yako. Kwa miezi minane ameshukuriwa kwa fedha ambazo hakuzituma, na siku yoyote mke wako anaweza kuchukua simu akampigia amshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Huyo naye ana haki ya kujua kwamba jina lake limo katika jambo hili, na huenda yeye ndiye mtu wa kwanza unayeweza kumwambia ukweli wote bila kutetemeka.